Bunduki Iliyoitwa Tabora

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za misioni za kwanza, za wakatekista wa zamani na za majimbo yetu. Leo tunaomba mtuvumilie, maana tutasimulia habari za bunduki. Si kwamba tunapenda silaha. Sisi wa mashariki tumeziona mno. Lakini bunduki hii ilitufundisha jambo moja juu ya kazi ya historia ambalo hatukulipata seminarini, ingawa tulisomeshwa na waalimu wema.

Ilikuwa siku za mvua, miaka mitatu iliyopita. Tulikuwa katika safari ya kutembelea vijiji vya mbali vya parokia yetu, upande wa Kasongo, katika Maniema. Katika kijiji kimoja alikuwa amezikwa, majuma mawili kabla, mwalimu wa dini mzee, aliyefundisha katekisimu miaka zaidi ya arobaini. Tulisoma Misa ya kumwombea. Baada ya Misa vijana wa jamaa yake wakatuita nyumbani, wakafunga mlango, wakashusha toka darini kitu kirefu kilichofungwa katika blangeti na gunia, kikinuka mafuta ya mawese.

«Padri,» akasema mkubwa wao, «hii ndiyo Tabora. Babu yetu aliishika siku ile walipoingia Tabora na kuwafukuza Wadachi. Mzee alituagiza tuitunze. Sasa tunataka uibariki, kisha tuitundike ukutani.»

Hatukuibariki. Tuliwaambia tu waifunge tena, wala wasiitaje sokoni. Lakini habari yenyewe ilituingia moyoni. Jumapili iliyofuata, katika kanisa la parokia, tulihubiri juu ya kuwakumbuka wazee, tukaeleza kwa maneno mazuri namna askari wa kijiji kile alivyorudi toka Tabora na bunduki yake begani. Watu walisikiliza sana. Kumbe tulikuwa tunasema neno lisilo kweli, tena toka altareni.

Turudi kwanza kwenye Tabora yenyewe, kwa kuwa waseminari wengi wa siku hizi wanalijua jina hili kama jina la barabara ya Kinshasa tu. Vita ya Ulaya ilipoanza mwaka 1914, ilifika kwetu upesi. Tarehe 22 mwezi wa nane mwaka ule, meli ya Wadachi iliyoitwa Hedwig von Wissmann ilishambulia Lukuga, pale ambapo leo ni Kalemie, ikaiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Mwezi uliofuata Wadachi wakakamata kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Askari wa Force Publique hawakuwa tayari kwa vita ya namna hiyo. Wengi walikuwa bado wana bunduki za Albini, za risasi moja moja, na baruti yake ilitoa moshi mwingi, hata adui aliona mara moja risasi ilikotoka. Ilipita zaidi ya mwaka mmoja katika kuwakusanya watu, kuwafundisha na kuwapa silaha bora.

Mwezi wa nne 1916 Jenerali Tombeur akatuma majeshi mawili, la kaskazini chini ya Molitor, la kusini chini ya Olsen, aliyekuwa mtu wa Denmark. Tarehe 6 mwezi wa tano waliingia Kigali. Tarehe 6 mwezi wa sita, Usumbura. Tarehe 28 mwezi wa saba, Kigoma. Kisha wakafuata njia ya reli ya Wadachi, wakapigana vikali Usoke, Lulanguru na Itaga. Tarehe 19 mwezi wa tisa 1916 wakaingia Tabora. Mwaka uliofuata askari wetu walifika mbali zaidi, hata Mahenge. Vita ilipokwisha, Tabora ikawa ya Waingereza, na Wabelgiji wakabaki na Ruanda-Urundi.

Hayo yameandikwa, na makaburi ya maofisa yana majina. Lakini nyuma ya kila askari walitembea wapagazi. Wanahistoria wanawahesabu, kwa vita ile yote upande wa Wabelgiji, kuwa karibu 260,000. Walibeba risasi, mchele, vipande vya mizinga, maboti hata, wakapanda milima yenye baridi nao ni watu wa nchi ya joto, wakafa kwa kuhara na kwa kifua kuliko kwa risasi. Mpagazi hakuachiwa kitu cha kutundika ukutani. Katika jamaa nyingi za Maniema na za Kivu utasikia, «Babu yetu alikuwa askari wa Tabora.» Ni nadra kusikia, «Babu yetu alibeba mzigo.» Hesabu peke yake yaonyesha kwamba wengi wetu ni wajukuu wa mzigo, si wa bunduki.

Sasa turudi kwenye mahubiri yetu. Baada ya Misa ile mzee mmoja alitungoja mlangoni mwa sakristia. Alikuwa askari zamani za Zaire, amestaafu, mtu wa maneno machache. Akasema: «Padri, bunduki ya serikali hairudi nyumbani. Ina namba. Askari akimaliza kazi anairudisha, na namba inasomwa katika kitabu. Huyo wa Tabora alitokaje nayo?»

Tuliona haya. Swali lile ndilo lililotupasa kuuliza siku ya kwanza. Katika seminari kubwa tulikariri *testis unus, testis nullus*, shahidi mmoja si shahidi. Na sisi tulikuwa tumepanda kwenye mimbari na shahidi mmoja ambaye mwaka 1916 hakuwa amezaliwa.

Tulirudi kijijini kwa pikipiki ya mkatekista, tukaomba kuitazama tena, safari hii mchana na kwa macho ya kutafuta. Tuliisugua kwa kitambaa na majivu kidogo. Hapa tuwaeleze jambo ambalo linaweza kuwasaidia wengine. Bunduki ya Wabelgiji ya mwaka 1889, ya Mauser, iliyofanyizwa Herstal karibu na Liège, mtu anaweza kuitambua hata ikiwa na kutu: mtutu wake umevikwa mrija mwingine wa chuma toka mwanzo hata karibu na mdomo, na kisanduku chake hupokea risasi tano. Hii iliyo mbele yetu haikuwa na vazi lile. Chini ya kisanduku cha risasi palikuwa tundu. Tuliambiwa baadaye na mtu anayejua kwamba tundu lile ni la kuangushia kipande cha chuma kinachobeba risasi sita, nayo ni alama ya bunduki za Waitaliano za mfano wa 1891, zinazoitwa Carcano. Juu ya mtutu, chini ya kutu, tukasoma neno TERNI, ndio mji wa Italia penye kiwanda cha silaha. Halafu mwaka, 1937. Na kando yake namba ya Kirumi XV. Namba hiyo ilituhangaisha usiku kucha, mpaka tukakumbuka kwamba serikali ya Mussolini ilihesabu miaka yake toka mwezi wa kumi 1922, ilipotwaa utawala. Mwaka 1937 ulikuwa mwaka wake wa kumi na tano.

Basi bunduki iliyofanyizwa Italia mwaka 1937 haikuingia Tabora mwaka 1916. Hakuna hoja ya kuipita hiyo.

Vijana walikasirika. Mmoja akasema tunataka kuiba jina la babu yao. Tulimwelewa. Tena tulikuwa karibu kuliacha jambo lilivyo, maana bunduki ya uongo ukutani haimdhuru mtu sana. Lakini ilikuwa imekwisha kupita kinywani mwetu kanisani. Ndipo dada mdogo wa marehemu, mama mwenye miaka sabini na zaidi, aliyekuwa amekaa jikoni akimenya mihogo, akaita toka kule: «Waambieni watoke. Padri abaki.»

Tuliyoyasikia kwake tuliyaandika siku ile ile, na tulirudi kwake mara mbili kumsomea. Ametuachia ruhusa kuyaandika hapa, bila majina.

Babu yao alikuwa kweli askari wa Tabora. Hilo halikuharibika. Alirudi na kovu la paja, na medali moja ambayo watoto waliichezea mpaka ikapotea. Bunduki hakurudi nayo. Mwana wake mkubwa, ambaye mama yule humwita baba mkubwa, naye akawa askari, akaenda vita ya pili. Watu wa Kivu na Maniema wanaifahamu kidogo tu vita ile, nayo ilikuwa kubwa. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walipita Aba, wakafika Juba, wakashuka mto Nili kwa meli hata Malakal, kisha wakaingia Uhabeshi, iliyokuwa mikononi mwa Waitaliano. Tarehe 11 mwezi wa tatu walitwaa Asosa. Mwezi ule ule wakatwaa Gambela. Kisha wakapanda kuelekea Saio, mji ambao Wahabeshi huuita Dembidolo, wakakaa huko juu ya vilima katika mvua, njia zimekatika, chakula kimepungua, ugonjwa wa beriberi ukiwavimbisha miguu. Tarehe 3 mwezi wa saba 1941 Jenerali Gazzera akajitoa mikononi mwa Wabelgiji walioongozwa na Jenerali Gilliaert, pamoja na majemadari wengine nane, maelfu ya askari, na maelfu ya bunduki. Huko Faradje umejengwa mnara wa kuikumbuka safari ile.

Kazi ya baba mkubwa, siku zilizofuata, ilikuwa kuzihesabu bunduki za Waitaliano na kuzifunga kumi kumi kwa kamba. Alipozeeka alipenda kusimulia habari hiyo kuliko habari ya mapigano. Alisema mikono yake ilinuka mafuta ya Kitaliano mwezi mzima. Alirudi nyumbani bila bunduki, kama baba yake.

Ilitoka wapi basi? Mama yule alinyamaza kidogo, akafuta mikono, akasema: «Kaka yangu aliileta. Mwaka wa Mulele.»

Wasomaji wa Maniema hawahitaji maelezo. Kwa wengine, tukumbushe kwamba mwezi wa saba 1964 Wasimba waliingia Kindu, na tarehe 5 mwezi wa nane wakaingia Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Vijana wengi wa shule walichukuliwa au walikwenda wenyewe. Walipewa dawa, wakaambiwa risasi itageuka maji. Wengine walikwenda na mkuki, wengine na mnyororo wa baiskeli. Huyu, mwenye miaka kumi na saba, alikuja nyumbani usiku mmoja na bunduki ya zamani iliyotolewa katika ghala ya askari waliokimbia. Ndiye yule yule aliyekuja kuwa mwalimu wa dini, ambaye sisi tulimwombea Misa.

Baba mkubwa aliiangalia bunduki kwa mwanga wa taa ya mafuta, akapitisha kidole juu ya mtutu, akasema: «Hizi tulizichukua kwa Waitaliano kule Saio. Nani amekupa wewe?» Kijana hakujibu. Mzee akaichukua mikononi mwake. «Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne,» akasema mama, «nikashika taa. Kaka yangu alilia kwa hasira. Baba mkubwa akamwambia: ukitoka na hiki, utakufa na hiki, mimi nimezika vijana wa umri wako wakiwa na viatu vizuri kuliko vyako.» Usiku ule mzee akaichimbia chini ya kinu cha mawese, akampeleka kijana porini, kwa jamaa ya mama yake, akakaa huko hata serikali iliporudi.

Wakati majeshi ya serikali na askari wa kukodiwa waliporudi katika Maniema, mwishoni mwa mwaka ule, nyumba iliyoonekana na bunduki ilichomwa, na mara nyingine wenye nyumba walipigwa risasi bila kuulizwa. Kwa hiyo bunduki ilikaa ardhini miaka. Ilipotolewa, kinu kilipohamishwa, watoto wadogo waliiona, wakauliza. Baba mkubwa akawajibu neno la kwanza lililomjia: «Hiyo ni ya babu yenu, ya Tabora.» Tabora lilikuwa jina lisilo na hatari. Mtu hakufungwa kwa sababu ya Tabora. Mwaka 1964 ulikuwa mwaka ambao watu walijirani wasiosalimiana, na kila mmoja alijua wa mwenziwe.

Kwa hiyo jina lile la Tabora lilikuwa kifuniko. Watoto wakakua, kifuniko kikawa habari yenyewe, na mwalimu wa dini, aliyejua vizuri kuliko wote, hakukifunua. Tulimwuliza mama kama kaka yake aliitumia bunduki ile kabla ya kunyang'anywa. Alitutazama sana. Akasema: «Hilo aliungama, Padri. Mimi sikuwa kwenye kiti chenu.» Hatukuuliza tena.

Ndugu mapadri mtauliza kama ilifaa kufunua. Tulilifikiri sana, tukashauriana na padri mmoja mzee. Kwa upande mmoja kuna heshima ya marehemu, na kuna vijana ambao siku hizi wanaitwa na vikundi vyenye silaha kwa maneno yasiyo mbali na yale ya 1964, dawa hata. Bunduki ya ushindi ukutani inawaambia kwamba silaha huleta jina. Kwa upande mwingine kuna habari ya mzee aliyekwisha kushinda vita, aliyemnyang'anya mtoto wake silaha kwa mwanga wa taa akaichimbia. Habari hiyo ya pili ilikuwa imekufa kabisa, isipokuwa katika kichwa cha mwanamke mmoja jikoni. Kwetu sisi hiyo ndiyo iliyostahili kuwekwa. Mama mwenyewe ndiye aliyewaita vijana na kuwasimulia, sisi tukiwa tumekaa kimya. Wawili walitoka nje kabla hajamaliza. Mkubwa wao alibaki hata mwisho.

Chuma chenyewe hakikuweza kubaki. Sheria hairuhusu, na hata kama ingeruhusu, katika nchi hii bunduki ya zamani inayoweza kupigwa inawaita wezi. Kabla ya kuitoa tuliipiga picha kwa simu pande zote, tukapima urefu, tukanakili kila neno na kila namba, hata zile tusizozielewa, pamoja na mikwaruzo mitatu kwenye kitako ambayo mama alisema ni ya jembe la baba mkubwa wakati wa kuifukua. Kisha tukaipeleka pamoja na mkubwa wa jamaa kwa wakuu wa serikali, tukapewa karatasi yenye muhuri. Tungependa ifike kwenye museo ya taifa iliyofunguliwa Kinshasa mwaka 2019, lakini njia ya kutoka kijiji kile hata Kinshasa mnaijua.

Kwa wakatekista tunaongeza neno, maana ninyi mnaingia nyumba ambazo sisi hatuingii. Mkiona kwa wazee medali, kitabu cha askari, barua, sahani ya kambini, andikeni kwanza namba. Kila askari wa Force Publique alikuwa na matrikuli yake, na sehemu kubwa ya karatasi za jeshi lile zimo Brussels. Kwa jina peke yake mtu hapatikani upesi, kwa namba anaweza kupatikana. Tazameni pia diari za misioni. Mapadri Weupe waliagizwa kuandika kila siku, na kati ya habari za mvua na za ubatizo mtaona siku wapagazi walipokusanywa, wangapi, nani alikimbilia kanisani. Tena waulizeni wanawake. Katika jamaa hii wanaume walirithi bunduki, mama alirithi habari.

Na fanyeni haraka. Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika medali Kinshasa Kaporali Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka mia, askari wa vita ya pili. Karibu wote waliokwenda pamoja naye walikuwa wamekwisha kuzikwa. Waliokuwa watoto mwaka 1964 ndio wazee wa leo.

Jumapili moja baada ya kuitoa bunduki, tulisimama tena mbele ya watu wale wale, tukasema kwamba yale tuliyohubiri juu ya bunduki ya Tabora hayakuwa kweli, kwamba babu alikwenda Tabora na alirudi mikono mitupu kama askari wote. Hatukusema zaidi, sababu mengine si ya mimbari. Mzee askari alikuwa amekaa nyuma, akatikisa kichwa mara moja.

Maandishi yote, kurasa kumi na moja za daftari la shule, yamo katika sanduku la parokia pamoja na picha na nakala ya karatasi ya serikali. Kabla ya kuyafunga tulimsomea mama kwa mara ya mwisho. Hajui kusoma, lakini alisikiliza akiwa amefumba macho, na alitusimamisha mahali pawili. Mahali pa kwanza tulikuwa tumeandika kwamba taa ilikuwa ya petroli. Akasema ni ya mafuta ya mawese, petroli haikuwako mwaka ule. Mahali pa pili tulikuwa tumeandika kwamba baba mkubwa aliificha bunduki. Akasema: «Toa neno hilo, Padri. Hakuificha. Aliizika.»